Na Ulale Kwako

Miye ndiye niliyeharibu lile swali, na niliharibu kwa majivuno. Nianze hapo kabisa, mtu asije kusema baadaye kwamba nilificha.

Watu wa utafiti walikuja Butembo kutoka jiji kuu. Chef wao, yaani mkuu wao, bwana mrefu mwenye miwani, akatukusanya walimu wachache katika bureau moja, ofisi ya kupanga karibu na soko. Kazi ilikuwa kupima, mais, yaani lakini, si kupima mashamba wala kahawa. Walikuja kupima haki: katika kila eneo la mashariki, watu wana nafasi gani ya kuchagua wakubwa wao, kusema, kukutana, kusali wanavyotaka. Kila eneo lingepewa alama, moja hadi saba, moja ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote, na alama zingetiwa rangi kwenye ramani. Chef akaitundika ukutani ramani ya zamani. Maeneo mengine yalikuwa na rangi zao. Sisi, Butembo na Beni na vijiji vyetu, tulikuwa weupe. Hakuna aliyetupima hata siku moja.

Ule weupe uliniuma, sitadanganya. Tumezika watu, tumekimbia na magodoro kichwani, tumefunga maduka siku za ville morte, siku za mgomo wa mji mzima, tumesimama juani na karte za elekta, kadi za kupigia kura, mkononi tangu alfajiri, halafu mtu anachora ramani na kwetu anaacha karatasi tupu! Nikajiambia safari hii watatuona.

Chef akatugawia fishi za maswali. Kifaransa chake kilikuwa sawa. Kiswahili sasa, loo! Kilitafsiriwa na mtu wa mbali ambaye nadhani hajawahi kupanda hata mlima mmoja wa huku. Swali la kwanza lilisema: "Je, unafurahia haki zako za kisiasa na uhuru wako wa kiraia?" Tulicheka mpaka mwalimu mmoja akatoka nje kukohoa. Tunafurahia? Nani amewaambia tunafurahi? Na huku kwetu ukimtajia mzee neno uhuru, kichwa chake kinakwenda trente juin, siku ya kumtoa Mbelgiji, atakuhadithia gwaride na mashati meupe mpaka uchoke. Siasa nayo ni neno la redio, hakuna anayelitumia sokoni.

"Chef, nipe hiyo karatasi," nikasema.

Miye nafundisha Kifaransa sekondari, na kwa Kiswahili chetu sikubali mtu anifundishe kitu. Nikafuta mstari wote, nikaandika: "Uko na droit ya politike? Unaitaka?" Droit ni haki, kila mtu huku analijua. Fupi, safi, ya batu betu, watu wetu. Wenzangu wakapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka, kwa sababu mule bureau masikio yetu yalikuwa yamekaa kwenye Kifaransa. Chef akasema, "Voilà, Madame!" na hapo hapo akaniweka kiongozi wa timu ya Butembo na Beni. Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, pikipiki zikinipigia honi.

Tukaanza kazi. Butembo sokoni nilimuuliza mama muuza vikwembe, yaani vitenge, kama yuko na droit ya politike na kama anaitaka. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Hapana," akasema, na akageukia mteja. Fundi wa mbao alisema hapana bila kuinua uso kwenye randa yake. Tukaenda Kirumba, wakati ule njia ya kusini ingali wazi, nikauliza madereva wa malori waliokuwa wanangoja mizigo ya maharage. Hapana, hapana, hapana, na mmoja akaniongezea, "Madame, unaonekana mutu wa heshima, nani alikutuma?" Tulipokwenda Kamango, karibu na mpaka wa Uganda, mzee mmoja wa kakao alinifukuza uani kwake na fagio. Na fagio, jamani! Miye mwalimu!

Mnajua nilifanya nini? Nilikasirika na watu wetu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pikipiki, vumbi mdomoni, nikiwasema moyoni: batu gani hawa? Wanalia kila siku kwamba Leta, yaani serikali, inawaonea, mtu anakuja kuwauliza kama wanataka haki zao, wanasema hapana! Nilijaza fishi kwa hasira mpaka biki ikatoboa karatasi.

Chef yeye alifurahi. Hakufurahi kwa ubaya, alifurahi kwa sababu majibu yalikuwa yanafanana, na watu wa hesabu wanapenda majibu yanayofanana. Kwenye simu alikuwa ananiambia, "Madame, mais ni wazi! Batu ba kwenu wamechoka na haki, hawana haja nazo." Nami nikajibu, "Ndiyo, chef." Neno lile, ndiyo chef, lilinitoka kwa urahisi ambao leo unanitia haya.

Ndipo nikafika Kipese.

Kipese ni juu, baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Nilimkuta mama mmoja mkulima, mjane, mtu wa miaka kama ya mama yangu, ameketi mlangoni anachagua mbegu za viazi. Vyenye macho mazuri anaweka kushoto, vilivyooza anatupa kwa kuku. Akanipa kigoda. Akaniuliza habari za njia, za watoto, za mvua ya Butembo, kila kitu kwa taratibu yake. Nikatoa fishi, nikasoma swali langu zuri.

Mikono yake ikasimama.

"Droit ya politike," akasema. "Miye?"

"Ndiyo, mama. Weye."

"Kwa nini nitake ruhusa ya kudanganya batu? Miye ni Mukristo. Padri amenibatiza, nimezaa, nimezika, sijafanyia mutu politike hata siku moja. Na weye, binti ya batu, unazunguka milima yote hii kuuliza batu kama wanataka kuwa baongo?"

Eh, Yesu wangu. Nilihisi masikio yanawaka. Kwa sababu huku kwetu politike ni nini? Politike ni maneno matamu ya kumzungusha mtu. Ni ahadi ya mwanamume asiyetaka kuoa. Ni muuzaji anayeapa kwamba nyanya ni za leo. Miye mwenyewe, miye huyu wa Kifaransa, kila siku nawaambia watoto wangu nyumbani: "Usinifanyie politike, uliosha sahani ao hapana?" Neno liko mdomoni mwangu asubuhi na jioni, na nimelibeba kutoka Butembo hadi Kirumba hadi Kamango nikiuliza watu waaminifu kama wangependa kibali cha kuwa waongo. Na wao, Mungu awabariki, wamesema hapana. Hata mzee wa fagio. Hasa mzee wa fagio.

Nikacheka. Kisha nikataka kulia. Mama akaningoja nimalize, mkono wake umerudi kwenye viazi.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Swali niliandika mubaya. Nilitaka kuuliza hivi: kama mukubwa anakosa, chef wa kijiji, ao mutu wa Leta, weye unaweza kumwambia?"

Aliniangalia vile mama anavyomwangalia mtoto aliyerudi na uji kwenye nguo.

"Na weye," akasema, "uko na mukubwa?"

"Niko naye. Chef wa utafiti."

"Anajua swali ni baya?"

"Hapana. Majibu yanamupendeza. Ataandika kwamba batu ba huku hawataki haki zao."

"Donc, akiandika hivyo, hata ile Leta inayotuonea itasema: munaona? Benyewe hawataki."

"Ndiyo, mama."

"Utamwambia?"

Nikaanza kukunja fishi. Maana ilibidi nimwambie nini? Kwamba yule Madame aliyemsifu mbele ya wote ndiye aliyeharibu kazi nzima. Kwamba majibu yake mazuri yanayofanana ni takataka. Angenifuta kwenye timu siku hiyo hiyo, na Butembo yote ingejua, maana Butembo habari haihitaji gari. Nikatazama kuku.

"Acha pahali pangu bila kitu," mama akasema. "Usiandike ndiyo, usiandike hapana. Nenda kwanza umwambie chef yako. Halafu unipigie, réseau ya simu iko pale juu kwa kanisa, siku ya Mungu niko pale. Ukishamwambia, nitajua kama hii karatasi inapima kitu." Akanifungia viazi kwenye kitambaa, vile vyenye macho mazuri, na akanisindikiza mpaka njiani kama vile hatujagombana.

Njia yote ya kurudi nilitafuta mlango wa nyuma. Ningeweza kusahihisha swali kimya kimya na kuanza upya, chef asijue. Ningeweza kusema fishi zimenyeshewa. Niliposikia mawazo yangu mwenyewe nilitamka kwa sauti, "Weye sasa unafanya politike," na motard, dereva wa pikipiki, akageuka kuuliza kama nimemwambia kitu.

Nikachelewa. Siku moja, mbili, nikajipa sababu. Kisha chef akatuita Beni kwa restitution, yaani kuwasomea watu wa eneo matokeo ya kwanza kabla hayajapelekwa jiji kuu. Mkutano ulikuwa katika salle, ukumbi wa parokia, asubuhi. Walikuja mapadri na wachungaji, akina mama wa soko, vijana wa chuo, machef wa mitaa. Huku tuko chini ya état de siège, wanajeshi ndio wanatawala jimbo, kwa hiyo afisa mmoja naye alikuja na mwenzake, wakaketi nyuma karibu na mlango. Chef akawasha mashine yake, na ukutani yakatokea maandishi makubwa: watu wa Beni na Butembo hawahitaji haki za kisiasa.

Watu wakasoma mstari ule. Sura hazikukubali. Zilikuwa sura za watu wanaomeza kitu kichungu kwa adabu kwa sababu kuna mgeni. Mama mmoja wa mstari wa mbele akatazama chini, akaanza kunyoosha kikwembe chake magotini, ananyoosha tu, ananyoosha. Nikaona hivi ndivyo itakavyokuwa. Tulikuwa weupe kwenye ramani, sasa tutapewa rangi ya watu wasiojitaka, na rangi hiyo nimeikoroga miye.

Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele kwa nguvu, na padri aliyekalia kiti hicho akatikisika pamoja nami.

"Chef," nikasema, "iko kosa."

"Madame, maswali ni mwisho."

"Hapana, chef. Ni sasa. Unakosa. Na miye nilikosa wa kwanza, mais weye ndiye unataka kuandika." Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nikageukia salle. "Batu ba Beni, niambieni. Politike ni nini?"

Wakajibu kwa pamoja kama darasa la kwanza:

"Bongo!"

Bongo, yaani uongo. Hata afisa wa nyuma alisema. Nilimsikia.

Salle ikapasuka kwa kicheko. Wachungaji wanacheka, mapadri wanacheka, mwanafunzi mmoja anapiga meza. Nikangoja watulie, nikawaambia yote: niliandika nini, niliulizaje, nilifukuzwa na fagio wapi. Kisha nikauliza, "Na kama mukubwa anakosa, munataka muweze kumwambia?"

"Ndiyo!" Mabati ya parokia yalilia.

Chef alibaki na fimbo yake ya kuonyeshea mkononi. Nikajua sasa ananifuta, na ajabu ni kwamba sikuogopa tena, nilikuwa nimeshafika ng'ambo. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akazima ile mashine, ukuta ukawa mweupe.

"Alors," akasema, "swali tunaliuliza namna gani?"

Ah, mngeona kilichofuata! Saa mbili nzima salle ile ililumbana juu ya mstari mmoja. Mchungaji akasema tuandike "uko na ruhusa ya kusema?" Mama wa kikwembe akaruka: "Aka! Ruhusa unaombea mutu. Miye sitaki kuomba!" Padri akataka tuandike "haki", mwanafunzi akasema haki bila kitu nyuma yake ni hewa, mtu anaweza kuwa na haki na bado akachukuliwa. Wakashikana maneno, wakakatizana, chef wa mtaa akaambiwa akae chini na muuza samaki, akakaa. Nilitazama kule nyuma kwa wanajeshi, kisha nikaitazama salle. Watu walikuwa wanafanya kile kile tulichokuja kupima, mbele ya macho yetu, bila kuomba mtu ruhusa.

Mwishowe yule mama wa kikwembe akasimama tena. "Kusema, kila mutu anaweza," akasema polepole. "Hata musituni unaweza kusema. Swali ni kisha kusema. Andikeni hivi: ukiona mukubwa anakosa, unaweza kumwambia mbele ya batu, na ulale kwako?"

Hakuna aliyebishana. Na ulale kwako: siyo gerezani, siyo kwa shemeji ng'ambo ya mpaka, siyo porini. Kwako, kwenye kitanda chako, na mlango wako umefungwa na wewe mwenyewe. Padri aliandika mstari huo kwenye kiganja chake. Chef aliuandika kwenye daftari, akaniuliza namna ya kuandika "ulale", nami nikamtajia herufi moja moja kwa raha ambayo sijaipata tena tangu siku niliyopata diploma.

Nikatoka. Afisa alikuwa bado mlangoni. Akanisogezea nafasi nipite, akasema, "Bonne route, Madame." Nikapanda gari ya mchana, na jua lilikuwa bado juu nilipofika Butembo. Nikapika viazi vya Kipese, vile vilivyobaki. Watoto wakauliza kwa nini naimba.

Fishi zote za mwanzo tulizitupa na kazi tukaianza upya, na miye niliachwa kuwa kiongozi. Kwa swali jipya watu hawakusema tena hapana moja. Muuza vikwembe alisema, "Nitasema, mais ile siku nitalala kwa dada yangu." Fundi wa mbao aliweka randa chini, akazungumza mpaka chai ikapoa. Kamango mzee wa kakao alinikaribisha uani, akasema yeye ameshasema mara nyingi na amelala pahali pengi, akanitajia zote. Alama yetu ilipotoka haikuwa nzuri. Haikuweza kuwa nzuri, na hatukuipamba. Mais kwenye ripoti hakuna aliyeandika kwamba hatutaki. Swali letu liko pale kwa Kiswahili chetu, na chef alinipigia kusema wanakwenda kuuliza hivyo hivyo na maeneo mengine. Nilimwambia, "Ni sawa, mais semeni limetoka Beni." Nikasikia anacheka.

Kabla ya alama kutoka, ilikuwa imebaki fishi moja. Njia ya kusini ilikuwa imefungwa na vita, sikuweza kupanda tena Kipese, na kila Jumapili nilipiga simu bila kupata kitu. Chef alitaka kufunga masanduku. Nikamwambia hatufungi. Jumapili ya mwisho, baada ya misa, simu ikaita, na kwa mbali nikasikia kengele na upepo.

"Mama, ni miye. Ule wa karatasi."

"Nakujua. Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Mbele ya batu?"

"Mbele ya batu, mama. Mbele ya Beni yote." Nikamsomea swali jipya, polepole, na mwisho wake.

Upepo ukajaa kwenye simu. Nikadhani réseau imekatika.

"Na ile siku," akasema, "weye ulilala wapi?"

"Kwangu."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Basi andika yangu: ndiyo. Andika kubwa."